Kisima cha Karatasi ya Thelathini na Saba

Wiki tatu baada ya kustaafu, Bi Wembe alikuwa amekwisha kupanga kabati la vyombo mara nne, na binti yake aliyeishi naye akaanza kuficha vikombe alivyovipenda visije vikavunjwa. Mama mtu hakai, halali. Akiketi anainuka, akiinuka anasahau alichoinukia. Akipewa chai anaikoroga mpaka inapoa, kisha analalamika kwamba chai ya siku hizi haina moto. Binti akaamua kwamba huo ni ugonjwa wa watu wa maofisini, ambao ukiwanyang'anya kiti unakuwa umewanyang'anya na akili, na kwamba dawa yake ni safari.

"Nenda kamtembelee yule rafiki yako mpimaji, mama. Si kila mwaka anakualika ukaone magofu ya kwao?"

Masikini binti, hakujua kwamba ametonesha kidonda. Bi Wembe alimtazama, akaweka chini sahani aliyokuwa anaifuta kwa mara ya pili, akasema atakwenda. Kesho.

Jina hilo la Wembe alipewa kazini, na alilistahili. Kwa miaka thelathini na mmoja alichora ramani katika chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja tu, meza kumi na mbili zilizoinama, na feni iliyozunguka kwa hiari yake. Enzi hizo ramani zilichorwa kwa mkono, kwa wino, juu ya karatasi ngumu inayopitisha mwanga. Aliyekosea hakuwa na ufutio wa kumwokoa. Alichukua wembe, akazuia pumzi, akaukwangua wino kidogo kidogo bila kuitoboa karatasi. Wengine walitoboa, wakaanza upya huku wanalia. Yeye hakutoboa hata siku moja. Wapimaji waliporudi kutoka porini na madaftari yao ya vumbi walikuwa wakigombea kazi zao zipelekwe kwenye meza yake.

Mmoja wa wapimaji hao ndiye huyo rafiki. Aliitwa Hatua, kwa sababu alihesabu hatua zake popote alipokwenda, hata msibani. Ungempa pole ya kufiwa, naye akakujibu ahsante, kisha akakunong'oneza kwamba kutoka nyumbani mpaka makaburini ni mia nne na tisa. Alikuwa amestaafu mapema, miaka mingi nyuma, akarudi kwao, kwenye zile nchi za juu zenye ngome, makaburi ya watawala na njia ya zamani ya misafara. Hakuwa na kazi huko zaidi ya kuzunguka na pikapu yake akibishana na vibao vya idara ya mambo ya kale.

Lakini hayo yote hayaeleweki bila kujua habari ya mtego.

Katika chumba kile cha michoro kulikuwa na desturi ambayo watu wa nje hawakuijua. Matapeli wa mitaani walikuwa wananunua ramani moja ya serikali, wanainakili, wanaiuza kama yao. Sasa utamshika vipi mwizi wa mlima? Mlima ni ule ule kwa kila mchoraji. Basi kila karatasi ilitiwa kitu kimoja cha uongo, kidogo, ambacho hakipo duniani. Kitu hicho ndicho kilichoitwa mtego. Ramani ya mwizi ikionekana nacho, kesi imekwisha. Kila mtego uliandikwa katika daftari la kijani lililokaa kwenye saraka ya mkuu wa chumba, na sheria yake ilikuwa moja tu: mtego usimdhuru mtu. Weka mkunjo wa korongo. Weka jabali. Usiweke barabara, usiweke zahanati, usiguse mpaka, na maji usiyakaribie kabisa.

Bi Wembe aliyakaribia. Ulikuwa mwaka wake wa pili kazini, na mbele yake ilikuwa karatasi ya thelathini na saba, iliyokuwa na uwanda mtupu na ile njia ya misafara ikiupasua katikati. Alipima kwa rula yake: kutoka chemchemi ya mwisho mpaka mto unaofuata ni mwendo wa siku mbili kwa miguu. Siku mbili, na mizigo kichwani, na jua lile! Aliwaonea huruma. Aliwaona kabisa watu wale wakitembea kwenye karatasi yake na midomo imewakauka, watu waliokufa zamani hata mifupa yao haijulikani ilipo. Akachovya kalamu kwenye wino wa buluu, akawachorea kiduara cha kisima pale njia inapopinda. Halafu akaogopa. Katika daftari la kijani aliandika: *mkunjo wa korongo, kona ya kaskazini*. Kwa hiyo alidanganya kwenye ramani, ambako kudanganya kuliruhusiwa, na akadanganya kwenye daftari, ambako hakukuruhusiwa. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini ya huyu ilimchukua miaka ishirini na tisa.

Kompyuta zilipokuja, karatasi zote ziliingizwa ndani pamoja na mitego yake. Daftari la kijani lilipotelea kwenye maboksi ya kuhama. Siku ya mwisho kazini, Bi Wembe alipokuwa akikusanya rula na miwani yake ya akiba, mwenzake wa chumba cha pili alimpa jalada alirudishe masjala kwa kuwa njia yake ni ile ile. Alilifungua kwa mazoea tu. Ndani yake kulikuwa na ombi la kijiji kimoja kilicho katika karatasi ya thelathini na saba, la kuchimbiwa kisima. Ombi la nne katika miaka kumi na tisa. Chini yake, jibu la ofisi ya maji, lile lile kila mara: ombi limekataliwa kwa kuwa ramani inaonyesha kijiji kina kisima umbali wa nusu kilomita, wanakijiji wakitafute kisima chao, wakifukue, ndipo waletewe pampu. Na chini ya hilo, barua ya ofisi yake mwenyewe: *Tunathibitisha kwamba kisima kipo kama kinavyoonyeshwa.*

Alilisoma akiwa amesimama, na tangu dakika ile hakukaa tena vizuri.

Aliandika barua ya kukiri mara nne, akachana tatu. Ya nne aliitia kwenye bahasha, bahasha akaitia kwenye mkoba, na mkoba haukumtoka begani. Kwa nini hakuiposti? Kwa sababu binadamu ni kiumbe wa ajabu. Ndani kabisa ya moyo wake kulikuwa na neno moja lililomzuia: labda. Njia ya misafara ni ya kale. Labda watu wa zamani walichimba pale pale. Labda Mungu alimwongoza mkono. Alitaka aone kwanza kwa macho yake, na asimwambie mtu mpaka aone.

Hatua alimpokea stendi asubuhi kwa kelele za furaha, akamtupia begi nyuma ya pikapu, akamfungulia mlango kwa kuingiza mkono dirishani, maana kitasa cha nje kilikuwa kimekufa siku nyingi.

"Hatimaye! Miaka yote hiyo unachora nchi hujawahi kuikanyaga. Leo utaikanyaga mpaka viatu vilie."

"Tunaanzia wapi?"

"Tunaanzia ngomeni."

"Karatasi ya thelathini na saba iko mbali?"

Hatua alicheka. "Dada yangu, huku hatusemi karatasi. Huku tunasema kwetu. Tutafika huko jioni jioni. Nina kitu cha kukuonyesha, lakini hicho ni cha mwisho. Kitamu huliwa mwisho."

Bi Wembe aliushika mkoba.

Ngome ilikuwa juu ya mlima mfupi, ukuta wa mawe yaliyopangwa bila udongo, umesimama miaka mingi kuliko serikali zote zilizowahi kuweka vibao mbele yake. Kibao cha sasa kilisema ukuta una urefu wa hatua mia tatu. Hatua aliutembea wote mbele ya mgeni wake, akarudi anahema.

"Mia tatu na kumi na mbili! Nimewaandikia barua mara sita. Hawajibu. Nchi hii, uongo ukishaandikwa kwenye kibao, umekuwa kweli."

Bi Wembe alisema ukuta ni mzuri sana, akarudi kwenye gari. Alikuwa ameutazama kwa muda usiotosha hata kufunga kamba ya kiatu. Hatua alimkuta ameshakaa, mkanda umefungwa, miguu inapiga sakafu ya gari.

"Wewe una nini? Umekalia siafu?"

"Jua."

"Jua! Umekaa kivulini miaka thelathini, limekukosea nini?" Aliwasha gari. Gari lilikohoa, likanung'unika, likaondoka na mlio wa chuma kinachosaga chuma.

"Huo mlio ni wa nini, Hatua?"

"Sijui, na sitaki kujua. Fundi akiusikia atalivua gari lote nguo. Siku nikimpelekea nalizima mita hamsini kabla, tunalisukuma."

"Litakufia njiani."

"Najua. Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema Hatua kwa furaha kabisa, akakanyaga mafuta.

Bi Wembe aligeukia dirishani. Aliuona msemo ule umesemwa kwa ajili yake, kama vile rafiki yake amemfungua mkoba akasoma. Lakini Hatua alikuwa anapiga mluzi. Mtu mwenye siri huona kila neno limemlenga yeye.

Walisimama kwenye makaburi ya watawala, nguzo tano za mawe zilizoegemeana kama walevi, na Hatua akasimulia nani alimuua nani kwa ajili ya nani. Walisimama kwenye matanuri ya kale ya kuyeyushia chuma, ambayo mvua ilikuwa imeyala nusu. Walisimama mahali palipokuwa soko, ambapo hapakuwa na kitu zaidi ya jiwe refu lenye mifereji iliyochimbwa na watu waliolitumia kunolea visu vizazi na vizazi. Hapo Bi Wembe alipitisha kidole chake kwenye mfereji mmoja, na kwa nusu dakika alitulia. Mikono ya watu wasiojulikana ilifanya kazi yake pale, na kazi ikabaki. Alikuwa amependa kuwaza hivyo kuhusu ramani zake. Kisha akawaza kuhusu kazi inayobaki, akauondoa mkono.

"Twende."

"Hujala. Kuna mkate na mayai hapa."

"Tutakula njiani."

"Hii si ndiyo njia?" Hatua aliweka mkate kwenye jiwe, akamtazama vizuri. Alikuwa mtu wa maskhara lakini si mjinga. Huwezi kupima ardhi maisha yako yote ukawa mjinga wa kutazama. "Dada, niambie. Nyumbani kwema? Binti mzima?"

"Mzima."

"Umeumwa ukaambiwa kitu hospitali?"

"Sijaumwa."

"Basi ni kustaafu. Mimi nililia siku nane, nikidhani nalilia kazi, kumbe nalilia posho ya safari." Alimkatia kipande cha mkate. "Itapita. Na leo jioni nitakuonyesha kitu kitakachokufanya ujue hukufanya kazi bure. Nimemaliza, sisemi zaidi, usinichimbe."

Bi Wembe alikuwa amekwisha kufungua mdomo. Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno: Hatua, mimi nilifanya jambo. Lakini Hatua alikuwa anatabasamu kwa namna ambayo ungeona haya kuikatisha, naye Bi Wembe akaumeza mkate mkavu pamoja na maneno yake. Hapo alikosea, na mimi simtetei. Ingekuwa rahisi zaidi pale kwenye jiwe, wawili peke yao, kuliko kule walikokuwa wanakwenda.

Jua lilikuwa limeanza kulegea walipoingia uwandani. Bi Wembe aliutambua mara moja, ingawa hakuwahi kuuona. Kilima kile cha kushoto alikipa mistari kumi na minne ya mwinuko. Korongo lile lilimtoa jasho. Kila kitu kilikuwa mahali pake, kilimtii kama alivyokichora, na fahari na hofu vilimjia kwa pamoja. Njia ya misafara ilionekana bado, utepe wa ardhi iliyokanyagwa ambako majani hayakutaka kuota. Upande wa mbele, njia ilikuwa inakaribia kupinda.

"Kijiji hiki ndiko alikoolewa dada yangu," alisema Hatua. "Tushuke tuwasalimie kwanza."

Dada yake Hatua alikuwa mwanamke mrefu mwenye kucheka kwa sauti, na alipomwona mgeni alipiga makofi.

"Kaka, huyu ndiye? Yule wa ramani? Mbona hukusema ni mzuri? Karibu, wifi yangu, karibu!"

"Si wifi yako," alisema Hatua. "Ni mfanyakazi mwenzangu."

"Wifi huanza hivyo hivyo." Alimshika Bi Wembe mkono, akamkalisha kwenye kiti kilichokuwa kimetandikwa kitambaa safi, akaingia ndani. Ukutani mwa nyumba yalipangwa madumu, saba matupu na moja lililojaa, limefunikwa kwa kitambaa na kuwekewa jiwe juu. Alirudi na kikombe cha maji kwenye kisahani, akampa kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama apokewavyo mgeni wa heshima.

"Yamechujwa, usiogope. Tunayachota mtoni. Ukitoka na nyota ya alfajiri unarudi watu wanakunywa chai ya saa nne."

Bi Wembe alikishika kile kikombe. Alijua umbali wa mto ule kwa milimita. Alikunywa yote kwa sababu kubakiza kungekuwa tusi, na dada yake Hatua, alipoona kikombe kimekwisha, akaenda kukijaza tena. Alikunywa na hicho.

"Haya," alisema Hatua akisugua viganja. "Sasa twende nikakuonyeshe."

Walikwenda watatu. Hatua alikuwa mbele, anahesabu kimya, midomo ikichezacheza. Nyuma yao walifuata majirani wachache, maana mgeni mahali kama pale ni sinema ya bure. Walipofika pale njia inapopinda, Bi Wembe aliona mashimo. La kwanza lilikuwa limejaa majani makavu. La pili lilikuwa limezungushiwa miiba mbuzi wasitumbukie. Yalifuatana pande zote za njia kama vile kuna mnyama mkubwa aliyekuwa anafukua: tisa, na la kumi lilikuwa na rundo la udongo mwekundu pembeni, gogo limelazwa juu yake, kamba imening'inia ndani, na wanaume wawili wanavuta ndoo.

"Unaona?" Sauti ya Hatua ilitetemeka kidogo kwa furaha. "Tunakitafuta kisima chako."

Bi Wembe aliyahesabu mashimo tena.

"Ofisi ya maji waliwaambia hawa: kisima mnacho, ramani inasema, kitafuteni. Watu wakataka kukata tamaa, wakasema hicho kisima hakuna, hata mababu hawakukisema. Miaka sita iliyopita nikaja mimi. Nikauliza, hiyo ramani kaichora nani? Nikaangalia, karatasi ya thelathini na saba. Nikawaambia jamani, huyu namjua. Mpimaji aliyepita huku ni marehemu, siwezi kumuuliza, lakini mchoraji namjua. Huyu mama akikwambia kuna jiwe, nenda ukajikwae. Hajatoboa karatasi, hajakosea hata siku moja. Kama amekiweka, kipo. Kitakuwa kimefukiwa na mchanga. Basi kila kiangazi wakishavuna wanachimba. Mimi nawapimia."

"Mwenye nyumba wangu alivunjikia mguu kwenye lile la sita," alisema dada mtu, akionyesha kwa kidevu, bila kulalamika. "Ukuta ulimwangukia. Sasa anayeshuka ni kifungua mimba wangu."

Kutoka ndani ya shimo sauti ya mwanamume ilipaa, nzito, imejaa vumbi. "Vuta!" Ndoo ikapanda. Udongo ulikuwa mkavu kama unga.

Lile neno *labda* alilotembea nalo njia nzima lilimfia Bi Wembe pale pale. Alimshika Hatua mkono wa shati, akamvuta pembeni mpaka kwenye shimo la saba, akasema yote bila kupumzika: mtego, daftari la kijani, mkunjo wa korongo, wino wa buluu. Alisema hakukuwa na mpimaji aliyeona kisima. Alisema aliwaonea huruma watu wa misafara.

Hatua alicheka kwanza. Kisha akaacha kucheka, uso ukabaki umefunguka kama mlango ambao mtu amesahau kuufunga.

"Unanitania."

"Sikutanii."

"Mimi nimewaambia hawa watu. Kwa kinywa changu. Nimekula kiapo kwa jina lako."

"Najua."

Aligeuka akaondoka. Alitembea akiifuata njia ya misafara, mgongo umenyooka, mikono nyuma, na Bi Wembe akaona hata kwa nyuma kwamba anahesabu. Mahali fulani alisimama. Akarudi kwa mwendo ule ule.

"Hatua arobaini na moja," alisema. "Nimekwenda arobaini na moja nikitafuta la kukwambia, na kurudi arobaini na moja. Sijalipata." Macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi siwaambii. Nimeshawaambia ya kutosha. Waambie wewe."

Kuna hatua ishirini tu kutoka shimo la saba mpaka la kumi. Bi Wembe alizitembea huku akiifungua zipu ya mkoba. Kwa wiki tatu hakuweza kutulia, na sasa alipotaka miguu imkimbize ilikuwa mizito kama ya mtu anayetembea kwenye matope. Majirani walimpisha. Dada yake Hatua alikuwa anamtabasamia bado.

"Mimi ndiye niliyekichora hiki kisima," alisema Bi Wembe. "Na hakipo. Hakijawahi kuwapo. Nilikiweka kutoka kichwani mwangu. Mlikuwa mnanyimwa maji kwa ajili yangu, na mmechimba haya mashimo kwa ajili yangu." Alitoa bahasha. "Hii ni barua, nimeitia sahihi na jina langu kamili. Ofisi ikiisoma haitakuwa na sababu ya kuwakatalia tena. Nitaipeleka mwenyewe, na nitasimama nayo pale mpaka wanijibu. Nisameheni. Hapana, msinisamehe sasa. Nimesema tu mjue."

Wanaume wa kamba waliachia mikono yao ikaning'inia. Mmoja alimtazama Hatua, na Hatua akatazama chini.

Dada mtu hakuchukua bahasha. Tabasamu lilimtoka polepole, kipande kwa kipande, kama mtu anayekunja nguo.

"Kwa hiyo hapa chini hakuna kitu."

"Hakuna."

"Mguu wa mume wangu."

Bi Wembe aliisogeza bahasha mbele.

"Iweke hapo hiyo barua yako, mama," alisema dada yake Hatua. Hakusema wifi. "Iweke hapo juu ya udongo. Tutaisoma."

Akaiweka, akaweka jiwe juu yake isipeperuke. Wakati huo huo kamba ikatikiswa kutoka chini, na ile sauti nzito ikapaa tena, safari hii ina kicheko ndani yake.

"Mama! Mwambie mjomba na mgeni wake wasiondoke! Udongo huku umeanza kuwa wa baridi! Maji hayako mbali!"

Mama yake alikwenda mpaka ukingoni, akapiga magoti, akashika gogo kwa mikono miwili, akainama juu ya giza lile.

"Panda juu, baba," alisema. "Acha jembe huko huko. Panda."